Gobori la Kupimwa

Fundi hakumuuliza kijana umri wala kidato. Alimwambia akunje mkono, akaliweka tako la bunduki ya mbao katika mkunjo wa kiwiko, mtutu ukitazama mabati juu, kisha akasema, "Haya, nyoosha kidole, tuone kinafika wapi." Kidole kiliishia kabla ya kifyatulio, kikapungukiwa na upana wa vidole viwili. Fundi akatoa penseli sikioni, akapiga mstari karibu na mwisho wa tako. Kijana akasikitika kuona mbao iliyokwisha pigwa msasa inarudi kwenye msumeno. "Mzee, unakata tena?" Mzee hakuinua macho. "Nikate gobori, au nikurefushe wewe?"

Karakana yenyewe iko Webuye, kando ya barabara kuu iendayo Malaba, mahali ambapo malori hupunguza mwendo na vumbi la randa huchanganyika na moshi wa dizeli. Humo hutoka vitanda, makabati, viti vya kanisa, na zaidi ya vyote majeneza, kwa hiyo fundi huyu hupima watu kila juma, ila wengi wao huwa hawawezi tena kukunja mkono. Bunduki ilikuwa kazi ngeni kwake. Mwalimu wa shule ya sekondari ya jirani aliitaka kwa ajili ya mchezo wa kuigiza unaohusu vita vya Chetambe vya mwaka 1895, kile kilima kinachoonekana kutoka mjini, ambako handaki la ngome ya kale bado linasomeka ardhini kwa mtu anayejua pa kutazama. Mwalimu alikuwa na picha katika simu yake: gobori, bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, mtutu mrefu, mdeki umelala chini yake kama fimbo ya mchungaji iliyofichwa. Fundi alichagua mti wa lusiola kwa sababu hauchelewi kukauka na haupasuki ovyo. Mtutu aliuchonga ukawa mviringo, akaupaka rangi nyeusi, na mdomoni akatoboa tundu la kina cha pingili moja ya kidole, basi, haliendi mbele. Polisi wakimsimamisha njiani, alisema, watie kidole wajionee.

Ningeweza kuondoka hapo na kusahau. Lakini ule mkono uliokunjwa umenikaa kichwani, kwa sababu nilikumbuka kwamba njia ileile ya kupima imetumiwa na watengenezaji wa bunduki tangu zamani, na kwamba si pambo hata kidogo. Tako likiwa refu kuliko mkono, mpigaji hulazimika kujinyoosha kama mtu anayechuma embe la mbali, bega hurudi nyuma, na bunduki ikilia humchapa pasipostahili. Likiwa fupi, kidole gumba kinampiga pua. Kuna na shavu: mbao inapaswa kupokea shavu mahali ambapo jicho litalala lenyewe juu ya mstari wa mtutu, bila shingo kujipinda kulitafuta. Waliobobea humfumba mtu macho, wakamwambia aipandishe bunduki begani, kisha ayafumbue. Akikuta jicho liko kwenye shabaha, bunduki ni yake. Akikuta anatazama ubavu wa mtutu au mawingu, bunduki ni ya mtu mwingine hata kama yeye ndiye aliyeilipia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na bega nalo lina namna yake ya kukataa kitu kisicholijua.

Sasa wafikirie wale waliokuwa juu ya kilima. Wengi walikuwa na mikuki, pinde na ngao. Bunduki zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa imesafiri kuliko mtu aliyeishika. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kutia risasi kwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, magobori yao ya zamani hayakuyeyushwa. Yalifungwa kwenye makasha yakaletwa pwani zetu, pamoja na mengine yaliyotengenezwa Birmingham na Liège kwa ajili ya biashara ya Afrika tu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kutoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa zilipanda bara mabegani mwa wapagazi, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na baadhi zikafika Mumias, kituo cha misafara, mwendo usio mrefu kutoka maporomoko ya Nabuyole ya hapa Webuye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wa pwani, ila sidhani walikuwa wakifikiria mgeni wa chuma.

Kuna jambo la wakati ule ambalo kila nikilisoma hunifanya niweke kitabu chini. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka mpaka: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Nia njema ilikuwamo, sikatai. Wakamataji wa watumwa walikuwa na bunduki, na bunduki hizo zilibomoa vijiji. Lakini soma ramani. Webuye iko ndani ya mstari, karibu kabisa na ikweta. Waliotia sahihi walikuwa wameamua, mezani, kwa wino, kwamba mtu wa hapa anastahili silaha ya babu zao, na wao wenyewe, pamoja na majeshi waliyokuwa wakiyaunda humu humu, wabaki na ile ya wajukuu.

Na huku Birmingham, mwaka mmoja kabla ya sahihi hiyo, fundi aitwaye William Palmer Jones alipata hataza ya bunduki ya ajabu isiyokusudiwa kuua kitu. Tako lake lilikuwa na viungo na skrubu: lilirefuka, lilifupika, lilipinda kulia na kushoto, lilishuka na kupanda. Bwana mwenye mashamba aliingia dukani, akaishika, fundi akafungua hapa na kukaza pale mpaka jicho la bwana na mtutu vikakubaliana, kisha vipimo vikaandikwa katika daftari pamoja na jina lake, na bunduki yake halisi ikachongwa kwa vipimo hivyo. Mji mmoja, miaka ileile. Katika mtaa mmoja mtu anapimwa shavu. Katika mtaa wa pili makasha yanapigiliwa misumari, bunduki zote za kimo kimoja, ziende kwa watu ambao hakuna aliyewahi kujiuliza mikono yao ina urefu gani. Sisemi kwamba fundi wa makasha alikuwa na chuki. Pengine alikuwa na watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba kumpima mtu ni kukiri kwamba yupo, na makasha hayakukiri kitu.

Haki itendeke: wanyonge wao nao hawakupimwa. Askari wa kawaida wa Ulaya alipewa bunduki ya serikali, na ikimzidi urefu alijipanga nayo. Ilichukua muda mpaka Waingereza walipoanza kutengeneza matako ya Lee-Enfield kwa urefu mbalimbali, yaliyopigwa chapa za herufi, refu, fupi, na lile la wanaume wadogo kabisa. Hapo ndipo unapojua jeshi limeanza kuhesabu watu wake kuwa ghali.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Gobori la biashara lilikaribia sentimita 140, likamfika mtu mzima kifuani au kidevuni, na kijana wa kawaida alilibeba zaidi kuliko alivyolitumia. Wasafiri wa Kizungu walipenda kucheka kwamba Waafrika hupiga bunduki wakiwa wameishika kiunoni, au wakigeuza uso pembeni. Kicheko hicho kinanichosha. Mtu aliyechapwa taya mara moja na tako lisilo lake, lililoshindiliwa baruti asiyojua nguvu yake, hujifunza haraka kuliweka mbali na uso, na akiliweka mbali na uso shabaha imekwenda. Mwili wake ulikuwa na akili kuliko silaha aliyouziwa. Waliomcheka walikuwa wakisoma kosa la kipimo wakaliita kosa la mtu, na desturi hiyo, tukisema ukweli, haikuishia kwenye bunduki.

Vita vyenyewe vilianzia kwenye bunduki, si kwenye ardhi wala mifugo. Askari wa Kisudani waliotoroka huduma ya Waingereza waliziuza silaha zao kwa Wabukusu, na Frederick Spire, aliyekuwa Mumias kwa niaba ya utawala mpya, akatuma watu kuzidai. Wengi wa waliotumwa waliuawa. Ndipo Charles Hobley, mwanajiolojia aliyegeuka mtawala, alipokuja mwaka 1895 na kikosi cha adhabu: Wasudani, Waganda, Wamasai, watu wa Mumia, mfalme wa Wanga. Ngome ya Lumboka, upande wa Bungoma, ilianguka kwanza, kisha Chetambe. Katika misafara na ngome za njia ya Uganda, bunduki iliyoenea sana wakati huo ilikuwa Snider, nayo, ukiichunguza, ni gobori lililopasuliwa: Waingereza walichukua bunduki zao za kushindilia, wakakata sehemu ya nyuma ya mtutu, wakatia mlango wa bawaba. Kwa hiyo yawezekana kwamba siku ile, pande zote mbili za handaki, watu walishikana kwa mabaki ya kiwanda kimoja, tofauti ikiwa ni bawaba tu. Bawaba ile ndiyo iliyompa mmoja nafasi ya kupiga mara nyingi huku mwenzake bado anatafuta mdeki. Nani mwenye Chetambe, Wabukusu au Watachoni ambao kilima kimebeba jina la mtu wao, huo ni ugomvi ambao sitauingia. Nina mashemeji pande zote mbili na Desemba haiko mbali.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Nchi hii haikuwa tupu ya chuma. Milima ya Samia ilitoa udongo wa chuma, na majembe yake yalitembea nchi nzima ya Waluhya. Mhunzi alijua kupima. Jembe la mwanamke mfupi halikuwa na mpini wa jembe la mumewe, na mkuki ulipewa mizani kulingana na mkono utakaoutupa. Kwa hiyo gobori lilipovunjika tako, likaletwa kwa mchongaji wa kijijini alivike mbao yetu, hapo ndipo kwa mara ya kwanza lilipokutana na mtu aliyemtazama mwenyewe kabla ya kukitazama chombo. Hili nalidhania, silishuhudii. Lakini nalidhania kwa ujasiri, kwa kuwa nimeona jambo la namna hiyo likifanyika ng'ambo ya mpaka. Tanzania, ambako magobori ya kienyeji yamedumu vijijini mpaka kizazi hiki, yenye kibali na yasiyo na kibali, mtutu huweza kuwa bomba la kuokotwa, lakini tako ni la mwenyewe: limechongwa likalainishwa na shavu moja kwa miaka, na ukilishika wewe unahisi umeingia kitandani kwa watu. Na katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, miaka ya 1950, Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya tyubu za baiskeli. Nyingine zilipasuka mikononi mwa wapigaji wao. Zilikuwa mbaya, hatari, na labda za kwanza katika nchi hii kutengenezwa na mtu akijua jina la atakayezishika.

Wapo duniani watu wanaotengeneza nakala za magobori kwa mapenzi tu. Williamsburg, jimbo la Virginia, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Wallace Gusler alitengeneza bunduki nzima kwa njia za karne ya 18, akaanza na kipande cha chuma kwenye moto akamaliza na nakshi za shaba, na kazi hiyo ikapigwa filamu. Tangu hapo wamekuwa wengi, nao hawaridhiki na nakala ya makumbusho. Wanataka nakala iliyochongwa kwa mkono wao, shingo yao, jicho lao. Mwanzoni niliona huo ni upuuzi wa wenye nafasi. Nakala ya nini, kama imebadilishwa ikufae? Siku hizi naona kinyume. Bunduki iliyochongwa upya kwa ajili ya mwili mwingine ndiyo nakala ya kweli, kwa sababu ile ya kwanza nayo ilichongwa kwa ajili ya mwili. Ukiiga vipimo vya marehemu umeiga jeneza lake.

Ila sisi wa Webuye tuna shida ambayo mtu wa Virginia hana. Tunaiga kitu ambacho hakikuwa chetu hata kilipokuwa mikononi mwetu. Gobori la mwalimu limetoka kwenye picha ya simu, picha imetoka nchi ya mbali, na bunduki iliyopigwa picha pengine haikuwahi kuuona Mto Nzoia. Mzee Elijah Masinde alipowaongoza wafuasi wa Dini ya Msambwa hadi Chetambe, Septemba 1947, kuwatolea kafara waliokufa pale mwaka 1895, alikwenda kwa wafu wenyewe na si kwa silaha zao. Hakuhitaji nakala. Alikwenda na damu ya mnyama na majina, na serikali ilihofia hayo kuliko ambavyo ingehofia makasha kumi ya magobori. Nikiwaza hivyo, lile gobori la lusiola linaonekana dogo, mchezo wa watoto. Kisha nakumbuka penseli ya fundi. Kama hesabu yangu haijapotoka, kijana yule wa shule huenda ndiye mtu wa kwanza kupanda kilima kile akiwa na bunduki iliyopimwa kwa ajili yake, na ndiyo bunduki pekee isiyoweza kumdhuru mtu. Sijui nicheke au nifanye nini na jambo hilo.

Maana kipimo kina upande wake wa giza, na watu wa Bungoma na Kitale hawahitaji kufundishwa. Kati ya mwaka 2006 na 2008, Mlima Elgon ukitutazama kila asubuhi, vijana wa kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF, walitembea na AK-47 vijijini. Walikata watu masikio. Familia ziliteremka na magodoro kuelekea Bungoma, Kitale, Endebess, kokote kulikokuwa na shangazi au uwanja wa shule. Machi 2008 jeshi likapanda na Operesheni Okoa Maisha, nalo likaacha makovu yake, na wapo wazazi ambao mpaka leo hawajaonyeshwa kaburi. AK hiyo haifiki sentimita 90. Haihitaji mkunjo wa kiwiko, wala shavu, wala fundi. Inamtosha mtu mzima na inamtosha mtoto wa kidato cha kwanza, na kote ilikopita, Kongo ya Mashariki, kaskazini ya Uganda, mabonde ya Pokot na Turkana, sifa yake ndiyo hiyo: inakubali kila bega. Nilikuwa nimelaumu makasha ya Birmingham kwa kutompima mtu. Nikifika kwenye AK nalazimika kukubali kwamba silaha isiyomkaa mtu vizuri ilikuwa na rehema fulani, rehema ya bahati mbaya. Gobori lilimchosha mbebaji na kumchelewesha. Lilimtaka awe mtu mzima.

Ndiyo maana nina mzozo mdogo na mwalimu kuhusu mchezo wake. Katika maandishi yake, kijana anapiga risasi moja, askari wa Hobley anaanguka, taa zinazimwa, ngoma. Nimemwambia hilo si gobori, hiyo ni sinema. Askari hodari wa Ulaya, aliyefundishwa kwa viboko, alitarajiwa kupiga mara tatu kwa dakika. Mtu wa Chetambe, mwenye baruti haba na mkono unaotetemeka, tumpe nusu dakika kwa risasi moja, naye tumemhurumia. Katika nusu dakika hiyo anasimamisha tako chini, anamimina baruti, anatia risasi na kitambaa, anachomoa mdeki, anashindilia, anaurudisha mdeki au anausahau ndani, anatafuta fataki kwa vidole vilivyolowa, na muda wote huo wale wa upande wa pili wanakuja, hawaendi mbio, wanatembea tu. Jukwaani kusiwe na wimbo. Kusiwe na msimulizi. Kijana ashindilie, hadhira ihesabu yenyewe.

Mwalimu anasema wasikilizaji watakohoa, na majaji wa tamasha la maigizo wana saa mkononi. Mchezo ukipita muda wake, alama zinakatwa. Amenipa sekunde kumi. Bado tunavutana.